Libero wa Mwalimu Zunguka

Mama yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, lakini ukiwauliza wanafunzi wake wa zamani aliwafundisha nini, hakuna atakayekutajia mto wala mlima. Watakwambia mpira wa wavu. Alifundisha shule moja tu ya sekondari ya wasichana, tangu alipoajiriwa hadi alipostaafu, na kila alasiri masomo yakiisha alivua viatu vya darasani, akavaa raba zake zilizochakaa, akaelekea kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya tangi la maji. Kilikuwa kiwanja cha udongo. Mvua ikinyesha kiligeuka bwawa, jua likikaza kikawa kigumu kama sakafu, na ukianguka vibaya ulirudi nyumbani goti halina ngozi. Mistari aliichora mwenyewe kwa chokaa, ameinama na kopo lililotobolewa kitakoni, anarudi kinyumenyume kama mtu anayedeki.

Wasichana walimwita Mwalimu Zunguka, kisirisiri, naye akajifanya hajui. Neno hilo lilimtoka kinywani kuliko jina la mtu yeyote. Timu ikiupata mpira kutoka kwa wapinzani walioanzisha, wachezaji wote sita husogea nafasi moja kwa kufuata mwendo wa saa: aliyekuwa mbele kulia anarudi nyuma, ndiye anaanzisha, wengine wanamfuata. Wageni wa mchezo walikuwa wanasahau. Wanashangilia pointi, wanakumbatiana, halafu kila mtu anarudi palepale alipokuwa, na mwamuzi anapiga filimbi: kosa la nafasi. Pointi imeota mbawa. "Zunguka!" mama alikuwa akipaza sauti mpaka wapishi wa shule wanasikia. "Furahini huku mnazunguka!"

Nyumbani alifundisha kwa vifungo. Baba ni fundi cherehani, na sebuleni kwetu halikukosekana kopo la vifungo. Msichana asiyeelewa aliletwa nyumbani, akakalishwa mezani, mama akapanga vifungo sita upande huu, sita upande ule, na uzi katikati ndio wavu. Akavisogeza kimoja kimoja kwa kidole. "Huyu hawezi kukaa mbele maisha yake yote, hata kama ni mrefu kama nguzo. Atafika nyuma, atainama kama wenzake. Umeona?" Msichana anaitika ameona. Baba, kutoka kwenye cherehani yake, anasema, "Mimi nilioa mwalimu. Huo wavu uliingia lini humu ndani, sijui."

Mimi ni mtoto wao wa pekee. Nikiwa mdogo nilimeza kifungo cha koti la mteja, na baba akazunguka soko zima akitafuta kinachofanana nacho. Tangu siku hiyo mama akaniita Kifungo. Kifungo, njoo ule. Kifungo, umenawa miguu? Hata wageni walidhani ndilo jina langu la kuzaliwa.

Siku niliyoanza sekondari, shuleni kwake, alinisimamisha nje ya geti.

"Humu ndani mimi ni Mwalimu," akasema. "Ukishatoka hapa ndiyo mama. Tumeelewana?"

"Na nikiumia?"

"Ukiumia kuna sanduku la huduma ya kwanza."

Nilicheka nikijua anatania. Hakuwa anatania. Kwa miaka yote niliyosoma pale hakuniita Kifungo hata mara moja ndani ya geti lile, na mimi sikumwita mama.

Urefu nilirithi kwa baba, maana yake sikurithi kitu. Kwenye mchezo ambao wenzangu walikuwa wanachungulia juu ya wavu, mimi nilikuwa napita chini yake bila kuinama. Lakini nilikuwa mwepesi, na sikuogopa udongo. Mama akanifanya libero. Libero ni mchezaji wa nyuma tu. Huvaa fulana ya rangi tofauti na wenzake ili mwamuzi amwone kwa haraka, kwa sababu anaingia na kutoka bila kuhesabiwa kama mabadiliko ya kawaida. Haruhusiwi kuzuia kwenye wavu, haruhusiwi kupiga mpira ulio juu ya wavu, na katika mashindano yetu wakati ule hakuruhusiwa hata kuanzisha. Kazi yake ni moja: mpira usiguse chini. Yangu ilikuwa fulana ya njano, baba aliishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni. Wenzangu walivunjika mbavu. Kila nikiingia uwanjani mtu alisema, "Fungeni pazia, jua linaingia."

Mama hakunisifia. Nikiokoa mpira uliokwisha kufa, alimtazama mwingine na kumwambia ajiandae. Ila jioni, tukishatoka getini, tukishafika nyumbani, alipasha maji na chumvi, akanikalisha kwenye kigoda, akanikanda magoti. Hatukuzungumza habari za mechi. Alikuwa akibana pale panapouma bila kuuliza panauma wapi.

Mwaka wangu wa mwisho tulifika fainali ya mashindano ya shule za sekondari. Ninaieleza kwa sababu bila hiyo hutamwelewa mama, wala hutaelewa yaliyokuja baadaye.

Mechi ilikwenda seti tano. Seti ya tano huchezwa hadi pointi kumi na tano, na lazima uongoze kwa mbili. Tulikuwa na kumi na nne, wao kumi na tatu. Mpigaji wao akaruka, akafyatua kombora. Upande wetu akaruka Mrefu, mzuiaji wetu, msichana mwenye mikono kama matawi. Mpira ukapita juu ya vidole vyake, ukaniruka na mimi, ukaanguka nje ya mstari wa nyuma. Kama Mrefu hakuugusa, mpira umetoka, pointi yetu, kombe letu. Kama aliugusa, hata kwa ukucha, pointi ni yao.

Mshika kibendera akaonyesha nje. Mwamuzi akanyoosha mkono upande wetu. Tukarukiana, watu wakamwagika kutoka kwenye mabenchi, mwalimu mkuu mwenyewe akavua kofia. Mama alikuwa amesimama pembeni, hajasogea.

"Mrefu," aliita. Hakupaza sauti, lakini tulimsikia. "Uliugusa?"

Mrefu akamtazama. Kelele zikapungua kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Mama alimkazia macho tu. Mrefu akaitikia kwa kichwa, halafu machozi yakamtoka.

"Nahodha," mama akasema, "nenda kamwambie mwamuzi."

Nahodha akaenda, miguu mizito. Mwamuzi akamsikiliza, akashangaa, akafuta uamuzi wake. Kumi na nne kwa kumi na nne. Pointi mbili zilizofuata tulizicheza kama watu waliofiwa. Tulishindwa.

Kwenye gari la kurudi wasichana walimpa mama kisogo wote, na mimi nilikaa katikati sijui niegemee upande gani. Mrefu alikuwa dirishani, amejifunika koti usoni. Alimaliza shule mwezi mmoja baadaye na hakuja kuaga. Mama hakuwahi kujitetea. Baba alipomuuliza, alijibu tu, "Mpira ukiguswa umeguswa," akaendelea kumenya viazi.

Maisha yakaendelea. Nilisomea famasia, nikapata kazi kwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, nikapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwa wazazi. Mama alikuja kustaafu, lakini kila mechi ya shule alikwenda, akakaa benchi la mbele, akawachachafya waamuzi kwa mdomo mpaka wakamzoea.

Siku nilipojua kwamba kuna kitu kimeharibika, watu wote walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimemsindikiza kwenye mechi. Timu ya wageni ilipata pointi wakati wenyeji ndio walioanzisha, na ubao wa matokeo ukageuzwa. Mama akasimama.

"Hiyo si pointi!" akapaza sauti. "Hawakuanzisha wao! Wanapata mpira tu, hawapati pointi!"

Zamani kanuni ilikuwa hivyo kweli: timu iliyoanzisha ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, na mechi zikachukua alasiri nzima. Kanuni ilibadilishwa kabla mimi sijaingia sekondari. Na mtu aliyetufundisha kanuni mpya, mezani, kwa vifungo, alikuwa mama. Watu walicheka wakidhani ni utani wa mzee. Yeye aligeuka huku na huku akitafuta anayemuunga mkono. Macho yake yakatua kwangu, na nikaona hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Kaa, mama," nikasema. "Tutaongea na mwamuzi baadaye."

"Wanaiba," akanong'ona. "Wanaiba mchana kweupe."

Daktari alituonyesha picha za kichwa chake, akaeleza taratibu, akatumia maneno ambayo mimi niliyajua kutoka kwenye vikaratasi vya dawa ninazouza. Baba hakuuliza chochote mle ndani. Tulipofika nje akaniuliza, "Sasa hiyo dawa aliyoandika, itamrudisha?"

"Itapunguza kasi, baba."

"Nimekuuliza kama itamrudisha."

"Hapana."

Akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, ingawa kulikuwa na joto.

Mama aliondoka kwa mafungu. Kwanza yalikwenda mambo ya karibuni: alichokula asubuhi, nani alipiga simu. Halafu njia ya sokoni. Halafu jiko, ikabidi baba ajifunze kupika, naye anapika kama anavyoshona, anapima kila kitu. Kilichobaki imara ni uwanja. Alikaa mezani akisogeza vifungo, wakati mwingine saba upande mmoja, na ukimwambia wamezidi anakukasirikia. Alikuwa akimwita baba "fundi wa jezi". "Fundi wa jezi, zile fulana tayari? Jumamosi tuna mechi." Baba alijibu, "Zinamalizika, Mwalimu," na wiki nzima akashona fulana ambazo hakuna atakayezivaa, kwa sababu mama asipoziona zinashonwa hakupata usingizi.

Mimi aliniita Libero.

Mwanzoni nilicheka. Nilikuwa nikitoka kazini napitia kwao kumwogesha, na akiniona mlangoni anasema, "Umechelewa mazoezi, Libero." Nikajibu, "Samahani, Mwalimu." Ilikuwa rahisi kuliko kubishana. Baba alinikataza kumsahihisha. Siku moja nilimwambia mama, "Mimi ni mwanao," akaangalia mlango kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, akaanza kutetemeka. Sikurudia.

Alasiri moja nilikuwa namchana nywele. Aliniangalia kwenye kioo kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya upole, ile ambayo walimu huitumia wanapomwita mtoto pembeni:

"Libero, mama yako yuko hai?"

Kitana kikanikwama mkononi. "Yuko hai, Mwalimu."

"Mbona haji kukuangalia? Mama za wenzako wanakuja. Wanakaa pale benchini, wanapiga kelele, wanatuharibia utulivu. Wako sijamwona hata siku moja."

"Ana kazi nyingi."

"Kazi!" Akasonya. "Kila mtu ana kazi. Mtoto anajitupa kwenye udongo vile, halafu hana mtu wa kumwambia umefanya vizuri. Mimi siwezi kukwambia. Mimi ni mwalimu, nikikusifia wewe wenzako watasemaje? Hiyo ni kazi ya mama yako. Mwambie aje."

"Nitamwambia."

"Mwambie nimesema mimi."

Nilimaliza kumchana. Nilimfunga kitambaa, nikamletea chai, nikaosha kikombe. Halafu nikaenda uani, nikasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikalia mpaka kichwa kikauma. Baba alinikuta hapo. Alianza kuanua nguo moja moja, akaiacha shuka niliyosimama nyuma yake.

Swali lile lilirudi mara nyingi baada ya hapo. Siku nyingine aliliuliza kwa hasira, siku nyingine kwa masikitiko. Mara moja alisema atamwandikia barua huyo mwanamke. Nilizoea kumtetea mama yangu mbele ya mama yangu. Nilisema anasafiri. Nilisema anaumwa. Nilisema ananikanda magoti kila jioni, naye akasema, "Hapo amefanya la maana."

Aliendelea kuomba apelekwe mechi. Baba hakutaka. "Watamcheka," alisema. Nilimjibu kwamba siku hizi anacheka mwenyewe mara chache sana, acha hata watu wengine wacheke. Basi Jumamosi moja nikaomba ruhusa kazini, nikamvalisha suti yake ya michezo, tukaenda polepole, amenishika mkono.

Kiwanja sasa kilikuwa na sakafu ya saruji na mistari ya rangi. Alisimama pembeni akakitazama sana. "Nani amemwaga saruji? Watoto watavunjika," akasema, na kwa kweli hakuwa amekosea. Tukakaa benchi la mbele. Nilipoinua macho kwenye kiti kirefu cha mwamuzi, kando ya nguzo ya wavu, niliona mtu ninayemjua. Aliyekaa pale na filimbi mdomoni alikuwa Mrefu. Nilikuwa nimesikia kwamba amekuwa mwamuzi, sikujua kama ndiye angepangiwa mechi ile. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi pembeni, mikono ni ileile. Alituona. Akainamisha kichwa kidogo, akaanzisha mchezo.

Seti ya kwanza mama alitulia. Ya pili, wenyeji walipata mpira, wakashangilia, wakasahau kuzunguka. Niliona kabla hajasimama, lakini sikuwahi kumshika. Aliingia uwanjani. Alipita mstari wa pembeni kama mtu anayeingia jikoni kwake, akaenda mpaka katikati ya wasichana, akawashika mabega. "Wewe huku. Wewe nyuma. Zunguka, mwanangu, zunguka, watakukamata!"

Mpira ulikuwa tayari mikononi mwa anayeanzisha. Mwalimu kijana wa timu akasimama, hajui afanye nini. Kwenye mabenchi kicheko kikaanza, kile cha kuziba mdomo kwanza. Nilisikia mtu akisema, "Bibi wa nani huyo?" Nikataka ardhi ipasuke.

Mrefu alipiga filimbi. Akashuka kutoka kwenye kiti chake, ngazi baada ya ngazi, akatembea hadi mbele ya mama, akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mama akamwangalia kutoka chini hadi juu. "Nani kakupa filimbi?"

"Nilifanya mtihani, Mwalimu. Mwalimu anaomba mapumziko?"

Mama alifikiri. Kisha mikono yake ikajiinua yenyewe, kiganja kimoja kikalala juu ya ncha za vidole vya kingine, ile ishara ambayo kocha huitumia kuomba muda. Aliifanya vizuri, imenyooka, kama picha.

"Sekunde thelathini," Mrefu akasema. Akageuka akawaonyesha watu wote ishara ileile, akaangalia saa yake. Kicheko kilikatika.

Wasichana walimzunguka mama. Aliwaeleza nafasi zao akitumia vidole, akawaambia wapinzani hawawezi kupata pointi kama hawakuanzisha wao, akamwambia aliyekuwa karibu afunge kamba ya kiatu. Nusu ya maneno hayakuwa sahihi. Walimsikiliza mpaka mwisho, na aliyeambiwa kuhusu kiatu akainama akafunga. Mrefu akapuliza filimbi. Mama aliisikia, akawapigia makofi mawili, akatoka uwanjani mwenyewe kwa kufuata mstari, akaja akakaa kando yangu. Alikuwa anahema, uso umenawiri.

"Timu nzuri," akaniambia. "Ila hawana libero kama wewe."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu nikiwa na fulana ya pazia. Ilipokuja sikujua niiweke wapi. Nikamwambia asante, Mwalimu.

Mechi ilipokwisha, mama akiwa ameketi anakula ndizi, Mrefu alinijia nyuma ya mabenchi. Tulipeana mikono. Nikamshukuru kwa alichofanya.

"Usinishukuru," akasema. "Nilikuja leo nikijua huwa anakuja. Nilikuwa na neno la kumwambia, muda mrefu sasa. Nimechelewa, siyo?"

"Umechelewa. Lakini niambie mimi."

Akaiviringisha kamba ya filimbi kwenye kidole.

"Ule mpira wa fainali. Mpaka leo sijui kama niliugusa."

Sikuelewa. "Ulikubali. Ulitikisa kichwa."

"Alikuwa ananiangalia. Unajua alivyokuwa anaangalia. Nilijisikia kama nimeugusa. Kila nikiufikiria mpira ule, siku moja nausikia kwenye kidole hiki, siku nyingine nasikia upepo tu. Nimekuwa mwamuzi kwa sababu yake, naamua mipira ya watu kila wiki, huo mmoja siujui." Akamtazama mama kwa mbali. "Nilimchukia sana. Halafu nikakaa kwenye kile kiti, nikaona watoto wanavyodanganya bila kupepesa jicho, nikaacha kumchukia. Lakini nilitaka ajue kwamba huenda hakuwa sahihi. Huenda lile kombe lilikuwa letu."

Mama alikuwa amelipa fainali ile kwa kunyimwa salamu na wasichana aliowapenda, na alikwenda nayo miaka yote akiwa na hakika. Sasa hakika ile ilikuwa haina mwenyewe, yeye hakuikumbuka tena, na shaka ya Mrefu haikuwa na pa kufikia.

"Mwendee," nikasema mwishowe. "Msalimie tu."

Alikwenda, akachuchumaa mbele yake. Mama akamkatia nusu ya ndizi. Wakala pamoja, halafu Mrefu akainuka akaondoka haraka, uso ameugeuzia upande wa ukuta.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Baridi ilipoingia alianguka bafuni, akalazwa, akarudi nyumbani hawezi kusimama. Maneno nayo yakaondoka, hata yale ya uwanjani. Vifungo tuliviondoa mezani kwa sababu alianza kuvitia mdomoni. Baba alihamisha cherehani chumbani kwao ili amwone akifanya kazi. Mlio wake ulimtuliza. Mimi nilimlisha uji kwa kijiko, nikimfuta kidevu, na sikuwa tena Libero wala mtu yeyote. Nilikuwa mkono unaoleta kijiko.

Mara moja tu, kabla sauti haijakauka kabisa, alinishika kiwiko nilipokuwa nataka kuondoka. Midomo ilihangaika sana. Nikainama.

"Atakuja?" akauliza.

Nilijua anamuulizia nani. "Atakuja, Mwalimu. Keshafika getini."

Akaniachia. Hakutabasamu wala kulala kwa amani kama watu wanavyopenda kusimulia. Aliendelea kutazama mlango, nami nikakaa naye nikautazama vilevile, mpaka baba akaja kunipokea zamu.

Alifariki wiki iliyofuata asubuhi, kwa nimonia, baba akiwa anamkunjia mkono wa gauni. Kwenye mazishi walikuja wanawake wengi warefu ambao baba hakuwafahamu, wengine na watoto wao, wengine wametoka mbali. Walisimama pamoja upande mmoja, na nilipowapita kuwashukuru kila mmoja alijitambulisha kwangu kwa nafasi aliyocheza. Mpangaji wa mipira. Mzuiaji wa kati. Mpigaji wa kushoto. Nahodha wetu alinikumbatia akaniomba radhi kwa siku ile ya gari. Nikamwambia mwenye kuombwa radhi hayupo tena, na nikajuta kusema hivyo, kwa sababu alilia zaidi. Mrefu hakuja. Alipiga simu jioni, akaniuliza kama baba amekula, kisha akasema anaenda kazini.

Baba alihamia kwangu. Anapindia watu suruali kwenye kibaraza cha duka la dawa, mwenye duka hakukataa. Haongei sana, lakini hajawahi kuongea sana. Wakati mwingine anamwita mama "Mwalimu" anapomsimulia mteja, kisha anajisahihisha, "mke wangu," halafu anaishia hapo, anaendelea na mshono.

Shule imeanzisha kombe dogo kwa jina lake, na mwalimu kijana huja kila mwaka kuniomba nikakabidhi. Ni mtu mwenye adabu, haji mikono mitupu, huniletea picha za timu. Namwambia nitajitahidi. Sijaenda bado. Si kwamba nimeapa. Mechi zao ni Jumamosi, na Jumamosi duka hujaa, hakuna mwingine wa kusimama kaunta.